Kampeni za Urais katika Kaunti Kame za Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wakenya watapiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya wagombea urais, wale wanaowapangia safari na, zaidi ya wote, wapiga kura wa vijijini ambao kila baada ya miaka mitano huambiwa kwamba kura yao ni muhimu na mtu asiyefika kuiomba. Msimamo wa mwandishi hauko fichoni: mgombea asiyefika Turkana, Mandera, Marsabit au Tana River wakati anaomba kazi hatakuwa na sababu ya kufika huko akishaipata.

Maeneo yanayozungumziwa ni yapi hasa?

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na wengi wa wakazi wake huishi kwa mifugo: ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe na punda. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotayarisha sera yake ya kwanza kuhusu maeneo yaliyotengwa, ilitaja kaunti 14, nazo ni Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Sera ya pili iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima, ikashuka hadi maeneo madogo yaliyomo ndani ya kaunti 34, kwa kuwa hata kaunti inayoonekana kuwa na nafuu huwa na pembe zake zilizosahauliwa.

Majibu haya yanaelekea zaidi kaskazini na mashariki mwa nchi. Hata hivyo hoja zake zinamgusa pia mkulima wa miwa wa Kakamega aliyepoteza soko lake Kampuni ya Sukari ya Mumias ilipodhoofika, hadi ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa ajili ya wadai, mwaka 2019, na vilevile familia za Kilifi zilizotegemea korosho kabla ya kiwanda chake kufa.

Kwa nini maeneo haya yalibaki nyuma?

Sababu si uhaba wa mvua peke yake. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikawataka watu wawe na kibali cha kuingia na kutoka, na haikuwekeza humo kwa kuwa haikuona faida ya kufanya hivyo. Baada ya uhuru vikaja Vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kutumika Kaskazini Mashariki hadi mwaka 1991, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifikisha umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria zilezile zilizomlinda mwenzake wa Nyeri. Kwa kizazi hicho, sura ya serikali ilikuwa ni askari na kizuizi cha barabarani.

Halafu kuna uamuzi wa kiuchumi ambao uliandikwa waziwazi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi, ulielekeza fedha za maendeleo mahali penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, njia za usafiri na watu walio tayari kushiriki, kwa hoja kwamba huko zingezaa haraka na mavuno yake yangegawiwa maeneo mengine baadaye. Ugavi huo wa baadaye haukufika kwa kiwango kilichotarajiwa. Maeneo yaliyotangulia kupata reli, lami na shule yalitangulia pia kupata walimu, mawakili na mawaziri, na hao ndio walioketi kwenye meza za bajeti zilizofuata. Mgombea anayepanda jukwaani Wajir na kutangaza kwamba adui wa wafugaji ni ukame huwa amesema nusu tu ya ukweli, na wanaomsikiliza wanaifahamu vyema nusu iliyobaki.

Wapiga kura wa huko ni wachache. Mgombea atanufaika vipi?

Hesabu ziko mbili, na zote zina faida kwake.

Ya kwanza ni ya Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na, juu ya hapo, angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sharti hili la pili halitazami wingi wa watu. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na zaidi ya wapiga kura milioni 2.4 waliosajiliwa, ilhali Lamu ilikuwa na takriban 81,000, lakini kila moja ilihesabiwa kuwa kaunti moja katika kutafuta hizo 24. Kenya haiko peke yake katika jambo hili, kwani Nigeria nayo humtaka rais wake apate robo ya kura katika angalau theluthi mbili ya majimbo yake 36 pamoja na eneo la mji mkuu, Abuja. Nchi zilizowahi kuogopa kutawaliwa na mtu wa upande mmoja ndizo zinazojiwekea masharti ya namna hii.

Wako watakaosema, na wana haki, kwamba mwaka 2022 sharti hilo halikumsumbua yeyote kati ya wagombea wakuu, kwa kuwa William Ruto alilitimiza katika kaunti 39 na Raila Odinga katika kaunti 34. Ndiyo maana hesabu ya pili ina uzito zaidi. Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930, tofauti ya kura 233,211. Turkana peke yake ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 230,000. Zaidi ya hayo, mshindi aliivuka nusu ya kura halali kwa takriban kura 70,000 tu, kwa hiyo idadi kama hiyo ya watu ingemgeukia mpinzani, nchi ingeingia duru ya pili. Katika uchaguzi huohuo waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65 ya waliosajiliwa, kumaanisha kwamba karibu watu milioni 8 wenye haki ya kupiga kura walibaki nyumbani, malishoni au kazini.

Katika mji ambao wagombea wameshafanya mikutano kumi, mkutano wa kumi na moja huhudhuriwa na watu walewale waliokwisha kuamua. Katika kituo ambacho hakijawahi kukanyagwa na mgombea urais, mkutano mmoja unaweza kuzungumziwa mwaka mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wa kampeni hulijua lakini hawapendi kulisema hadharani. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inakitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na Katiba inamtaka mgombea urais aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Vyama vinaijua njia ya kwenda Isiolo na Marsabit vinapotafuta saini, na njia hiyo haipotei baada ya saini kupatikana.

Je, haitoshi mgombea kukubaliana na wazee na viongozi wa jamii?

Wazee wana nafasi yao, na mgombea anayewapuuza huonekana hana adabu. Katika Kaunti ya Mandera, uchaguzi wa mwaka 2013 ulitanguliwa na makubaliano ya wazee wa jamii ya Garre kuhusu nani awanie kiti kipi, na utaratibu wa namna hiyo umetumika mahali pengine kaskazini ili koo zisifikishane kwenye vita kwa sababu ya viti. Anayeishi mbali asiudharau. Pale ambapo uchaguzi uliwahi kumwaga damu, makubaliano ni kinga.

Tatizo huanza mgombea urais anapoyafanya makubaliano hayo kuwa mbadala wa kufika. Ujumbe wa viongozi husafirishwa hadi Nairobi, hukutana naye hotelini, picha hupigwa, tamko husomwa, naye huihesabu kaunti nzima kuwa imeshapatikana. Katika chumba hicho huwa hakuna mwanamke anayesimamia duka la kijiji, hakuna kijana aliyemaliza chuo cha ualimu akakosa ajira, na hakuna mchungaji wa ngamia. Mambo yanayoombwa humo huwa ni nafasi za uwaziri na uteuzi katika mashirika ya umma, ambayo mara nyingi huishia kwa waliomo chumbani. Wazee wenyewe hupata nguvu zaidi mgombea anapokuja kwao, kwa sababu anachoahidi anakiahidi mbele ya watu wao.

Je, safari ya kampeni imewahi kubadilisha sera, au ni nadharia tu?

Mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali, katika milima ya Appalachia nchini Marekani. Mwaka 1960 John F. Kennedy, mwana wa familia tajiri ya Massachusetts, alikuwa akitafuta tiketi ya chama cha Democratic, na mchujo wa jimbo la West Virginia ulikuwa mtihani kwake kwa kuwa yeye alikuwa Mkatoliki na wapiga kura wengi wa huko walikuwa Waprotestanti. Jimbo hilo lilikuwa la wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao wengi wao walikuwa wamepoteza kazi baada ya mashine kuingia migodini. Kennedy alizunguka huko kwa wiki kadhaa, akaketi na wachimbaji, akaona familia zilizoishi kwa mgao wa chakula cha serikali ambacho hakikutosha. Tarehe 10 Mei alimshinda Hubert Humphrey. Tarehe 21 Januari 1961, siku moja baada ya kuapishwa, amri yake ya kwanza ya kiutendaji ilikuwa ya kuongeza chakula kwa familia maskini, na mwezi Mei mwaka huo familia ya kwanza kupewa kuponi za chakula chini ya mpango wa majaribio ilikuwa ya Kaunti ya McDowell, West Virginia. Mwaka 1964 mpango huo ulipewa sheria yake, na mpaka leo mrithi wake huwalisha mamilioni ya Wamarekani.

Mfano huu usitiwe chumvi. McDowell imebaki miongoni mwa kaunti maskini zaidi nchini humo, kwa sababu chakula kilifika lakini ajira hazikurudi. Hata hivyo, njaa ile iliingia katika amri ya kwanza ya rais kwa kuwa rais huyo alikuwa ameiona kwa macho yake akiwa bado anaomba kura.

Kenya ina ushahidi wake wa karibu, ingawa ulihusu rais aliyekuwa tayari madarakani. Kwa miongo mingi wakazi wa kaunti za mpakani walilazimika kupita mbele ya kamati za ziada za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, na vijana wengi walikosa kazi, masomo na kura kwa sababu hiyo. Malalamiko yalijulikana na kila serikali. Tamko la kuuondoa utaratibu huo lilitolewa Februari 2025, wakati Rais Ruto alipokuwa ziarani Kaskazini Mashariki, mbele ya watu walioumizwa nao.

Gharama na usalama je?

Ni kweli kwamba umbali ni mkubwa. Lodwar iko karibu kilomita 700 kutoka Nairobi, Moyale iko mbali zaidi, na Mandera, iliyo kwenye kona inayopakana na Ethiopia na Somalia, iko mbali kuliko zote. Kampeni nyingi hutatua jambo hili kwa helikopta, na matokeo yake ni kwamba mgombea hutua uwanjani, huhutubia kwa nusu saa huku injini ikisubiri, kisha hupaa kwenda kaunti ya tatu kwa siku hiyo. Helikopta ni ghali kuliko magari manne yanayopita barabarani, na abiria wake haoni kitu cha katikati. Barabara ya Isiolo hadi Moyale sasa ni ya lami yote. Msafara unaopita hapo unaweza kusimama Archers Post, Merille, Laisamis, Logologo, Marsabit mjini, Turbi na Sololo, na katika kila kituo kuna wapiga kura ambao helikopta huwaruka.

Kuhusu usalama, Mandera, sehemu za Lamu, na Bonde la Kerio hadi Baringo na Turkana Kusini zimeshuhudia mashambulizi ya kikatili, na hakuna anayemtaka mgombea au wasaidizi wake wajitie hatarini kiholela. Ratiba itapangwa pamoja na polisi, na huenda baadhi ya vituo vikaachwa. Lakini wauguzi, madereva wa malori na walimu waliobaki huko husafiri njia hizo kila wiki. Mtu anayeomba kuwa Amiri Jeshi Mkuu akiona kwamba sehemu fulani ya nchi haipitiki, hilo liwe jambo la kwanza la kuzungumziwa katika kampeni yake, wala lisiwe kisingizio cha kutoizungumzia sehemu hiyo kabisa.

Ziara inayofaa inafanywaje?

Kwanza, mgombea alale huko. Kanuni za uchaguzi huruhusu mikutano kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mkutano wa saa sita mchana katika joto la Lodwar au Garissa huhudhuriwa na watu wa mjini, wafanyakazi wa serikali na vijana waliolipiwa boda boda. Wachungaji huwa wameondoka na mifugo alfajiri, na wanawake wengi huwa kwenye foleni ya maji. Anayelala kijijini hupata asubuhi na jioni, ambazo ndizo saa za watu kuwepo.

Pili, aende kisimani kabla ya kwenda jukwaani. Kisima kirefu cha kijiji cha wafugaji ni ofisi kamili kwa mtu anayejua kutazama. Mitungi ya manjano ya lita 20 hupangwa mstari mrefu, na kila mwenye wake huujua hata kama yeye amekaa kivulini mbali nao. Kando huwa kuna birika la mifugo lililojengwa kwa saruji, na ngamia wa boma moja husubiri hadi wa boma jingine wamalize. Mahali palipo na kamati ya maji iliyo hai, katibu wake huwa na daftari lenye kiasi kinacholipwa kwa mtungi, kwa mbuzi na kwa ngamia, fedha zilizonunua dizeli, na siku ambazo mashine haikufanya kazi. Mgombea aombe kulisoma daftari hilo. Atagundua kwamba mara nyingi kijiji hakihitaji kisima kipya cha kuzinduliwa kwa utepe, bali fundi anayepatikana kwa karibu na kipuri kisichosubiriwa wiki mbili kutoka mjini, maana pampu ikifa katikati ya kiangazi, familia hulazimika kuhama au kununua maji ya boza kwa bei ya muuzaji.

Tatu, aende sokoni siku ya mnada wa mifugo. Ukame humpiga mfugaji mara mbili: mbuzi aliyekonda hushuka bei wakati uleule ambao bei ya unga inapanda, hivyo mbuzi aliyekuwa akinunua gunia la mahindi hununua debe. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulifanyika baada ya misimu minne mfululizo ya mvua kushindwa, na wa tano ukashindwa baada yake. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika kipindi hicho. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa ni akiba yote, mahari na karo za shule zikiwemo. Mgombea anayejua bei ya mbuzi ya mwezi huu na ya mwezi kama huu mwaka jana atasikilizwa kwa namna tofauti na anayesimulia takwimu za taifa.

Nne, apate mkalimani mzuri anayeaminiwa na wenyeji, na asimwachie mwanasiasa wa hapo kazi hiyo, kwa kuwa mwanasiasa hutafsiri anachotaka kisikike. Kiswahili kinaeleweka mijini, lakini bibi wa Loiyangalani, North Horr au Lokitaung ana haki ya kusikia ahadi kwa lugha yake mwenyewe na kuijibu kwa lugha hiyohiyo.

Ni wakati gani mwafaka wa kufika?

Mapema, kuliko vyama vinavyodhani. Kampeni rasmi za mwaka 2022 ziliruhusiwa kuanzia tarehe 29 Mei hadi 6 Agosti. Kwa wafugaji, kipindi hicho huanza mvua za masika zinapoisha na huendelea kuingia kiangazi kirefu, na mvua zikiwa haba, sehemu ya familia huhamia malisho ya mbali pamoja na mifugo. Mpiga kura wa Kenya hupiga kura katika kituo alichojisajili tu. Kwa hiyo mchungaji aliyejisajili karibu na nyumbani anaweza kuwa umbali wa siku kadhaa za kutembea ifikapo Jumanne ya kura, na hakuna hotuba ya mwezi Julai itakayomrudisha. Anayetaka kura zake amtembelee mwaka mmoja kabla, sajili ikiwa bado wazi, na aitake Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ipeleke maafisa wa usajili kwenye visima na minada badala ya kuwasubiri watu makao makuu ya kaunti ndogo.

Maji, afya na mifugo ni kazi za gavana. Mgombea urais aahidi nini basi?

Swali hili ni la haki, kwani Jedwali la Nne la Katiba limezigawia kaunti huduma za maji, afya na mifugo, na mgombea urais anayeahidi zahanati huwa anaahidi kwa mfuko wa mwenzake. Lakini yaliyobaki mikononi mwa serikali ya kitaifa si machache.

Usalama ni wake, na wizi wa mifugo kwa bunduki umegeuka kutoka mila kuwa biashara. Walimu wa shule za msingi na za upili ni wake, na kaunti za Kaskazini Mashariki zimepungukiwa na walimu vibaya tangu mashambulizi ya mwaka 2014 na 2015 yalipowafanya wengi waliotoka mikoa mingine kuondoka. Barabara kuu ni zake. Mpango wa bima ya mifugo ulioanza Turkana na Wajir mwaka 2015, ambao ulitazama ukijani wa malisho kwa setelaiti na kulipa kabla mnyama hajafa, uliwekwa na serikali ya kitaifa. Fedha taslimu zinazotumwa kwa familia maskini chini ya mpango wa kinga dhidi ya njaa pia hutoka kwake, na kiasi cha shilingi 5,400 kila miezi miwili, ambacho wengi walikizoea, kinahitaji kuzungumziwa upya kila bei ya unga inapopanda.

Halafu kuna mali iliyo chini na juu ya ardhi hiyo. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inazipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii za mahali asilimia 5. Karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati takriban 310, na laini ya zaidi ya kilomita 400 inayobeba umeme huo hadi Suswa hupita juu ya maboma mengi yasiyo na umeme. Mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kwa njia ya halali. Mgombea aseme, akiwa Loiyangalani kwenyewe, atafanya nini kuhusu ardhi hiyo, kwa kuwa neno hilo likisemwa Nairobi huwa limewaelekea wawekezaji.

Watu wa huko si wanangojea fedha na chakula tu?

Watu wenye njaa hupokea chakula, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya anayefika na gunia lenye picha yake wakati wa kampeni baada ya kutoonekana ukame ulipokuwa ukiua. Kumpa mpiga kura kitu ili kumshawishi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, na mpokeaji naye anaweza kushtakiwa. Zaidi ya sheria, fedha hizo hugharimu kitu: anayelipwa mia mbili hunyang'anywa uwezo wa kudai barabara, maana ataambiwa alishalipwa. Wale wanaodai kwamba wapiga kura wa vijijini hawajali sera huwa hawajawahi kukaa nao hadi maswali yaishe.

Kwa nini asitumie redio na mitandao?

Atumie vyote. Redio za lugha za wenyeji hufika mbali na zinaaminiwa. Lakini redio haimwonyeshi mgombea daftari la kamati ya maji, wala haimwezeshi mama wa Merti kumkatiza katikati ya hotuba na kumwambia kwamba alichosema si kweli.

Mpiga kura amuulize nini mgombea akifika?

Amuulize mambo yenye tarehe na kiasi, na mojawapo lihusu Mfuko wa Usawazishaji. Kifungu cha 204 cha Katiba kilitenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, ili huduma zake zifikie kiwango cha sehemu nyingine za nchi. Kwa miaka mingi ya mwanzo fedha hizo zilicheleweshwa na kukwamishwa na mabishano ya kisheria. Mfuko wenyewe ulipewa uhai wa miaka 20 kuanzia tarehe 27 Agosti 2010, kwa hiyo utakwisha Agosti 2030, katikati ya muhula wa rais atakayechaguliwa mwaka 2027. Bunge linaweza kuuongezea muda kwa sheria maalumu, lakini sheria hiyo inahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, na wingi huo haupatikani pasipo msukumo wa Ikulu.

Kila mgombea aulizwe, mbele ya watu, kama atauongezea muda, kwa miaka mingapi, na lini atalipa malimbikizo yaliyokwisha kustahili kulipwa. Aulizwe pia ni wabunge wangapi wa muungano wake wako tayari kutia saini ahadi hiyo kabla ya tarehe 10 Agosti. Asiyeijua tarehe ya 2030 apewe muda wa kuitafuta, kisha aalikwe kurudi na jibu.